Dakika Tatu za Bi Opereta

Binti alikuwa ameshapanga kila kitu kabla hajauliza. Yaya wa mapacha wake ameondoka, baba yao hajui hata kufunga nepi, shule ya chekechea imejaa mpaka mwakani, na mama yake mzazi amestaafu, yupo nyumbani anamwagilia maua ambayo hayana hata kiu. Jibu lilikuwa mbele ya macho. Kwa hiyo Alhamisi jioni alifika, akatupa mkoba kwenye kiti, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu saa moja asubuhi mama atakuwa anakuja kukaa na watoto.

Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati, anajaribu kizibao cha njano kinachong'aa kama cha askari wa barabarani.

Binti aliuliza hicho ni nini. Mama akageuka upande mmoja, kisha wa pili, akasema ni cha kazi. Yeye na wifi yake wamejiandikisha kujitolea kwenye tamasha la muziki, linaanza kesho pale uwanja wa mpira, na baada ya hapo yako mengine manne katika miji minne. Watasafiri kwa basi na kulala kwenye mabweni ya shule. Binti alikaa juu ya mkoba wake mwenyewe bila kujua.

Majirani walimwita mama huyu Bi Opereta, na jina hilo hakulipewa kwa mzaha. Miaka thelathini na mmoja alikaa ghorofa ya pili ya jengo la posta, visikizio kichwani, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, akiwaunganisha watu waliokuwa mbali. Simu ya mbali ilikuwa dakika tatu. Zikitimia aliingia katikati ya mazungumzo na kusema, kwa sauti kavu iliyonyooka kama rula, "Dakika tatu zimekwisha. Unaendelea?" Usipojibu haraka, anakata. Aliwakata wafanyabiashara, aliwakata wapenzi, na siku moja alimkata meneja wake mwenyewe akiwa katikati ya kumwomba mkewe msamaha. Meneja alishuka ngazi akiwa amevimba kama andazi, akakuta ameshaunganisha simu ya mwingine. Kisha ikaja mitambo isiyohitaji mtu. Maopereta wakapewa mkono wa kwaheri na saa ya mkononi kila mmoja, wakaenda nyumbani. Sauti ikabaki bila kazi.

Tangazo la tamasha lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la dawa. Lilisema watu wa kujitolea wawe na umri wa kuanzia miaka kumi na minane. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mstaafu mwenye mdomo usio na breki, alilisoma mara mbili akitafuta mwisho ni miaka mingapi. Hakuuona.

"Hawajaweka kikomo, wifi," alisema. "Shauri yao."

Sasa binti na mama walitazamana jikoni. Binti alikuwa na kichwa cha mama yake, kwa hiyo hakupoteza muda kulia. Aliuliza nani anaamua nani asafiri na nani abaki. Mama alisema ni mratibu wa tamasha. Atawaangalia siku mbili, na Jumamosi saa kumi na mbili jioni atabandika orodha.

"Basi tuelewane," binti alisema. "Jina lako likiwemo, nenda, sitasema neno. Lisipokuwemo, Jumatatu saa moja uko kwangu."

Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Tusidanganyane hapa. Bi Opereta aliwapenda wajukuu zake. Lakini alishalea watoto wanne, akajua kwa undani jinsi siku inavyoliwa na uji, nepi na kutafuta kiatu kimoja, na hakuona kwa nini mtu aliyemaliza shule arudishwe darasa la kwanza.

Ijumaa ilikwenda vibaya. Mratibu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye filimbi shingoni na ubao wa karatasi kwapani, aliwaangalia mawifi wawili kama mtu aliyeletewa sofa ambayo hakuagiza. Akawaamkia kwa heshima zote, na kwa heshima zote akamweka wifi kwenye hema la vitu vilivyopotea, na Bi Opereta kwenye kiti cha plastiki kando ya mapipa ya maji ya kunywa. Kazi yake ilikuwa kuangalia vikombe visiibiwe. Havikuibiwa. Hadi jioni muziki ulikuwa unapita juu ya kichwa chake, miguu inacheza yenyewe chini ya kiti, na hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa choo kiko wapi.

"Umepata cheo, wifi," wifi yake alimwambia wakienda nyumbani. "Waziri wa Vikombe."

Bi Opereta hakucheka. Alikuwa anafikiria Jumatatu.

Jumamosi saa nne asubuhi ndipo mambo yalipogeuka. Karibu na mapipa ya maji, chini ya ngazi za watazamaji, palikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya nyavu za magoli. Humo ndimo lilimokaa dawati la redio: mashine yenye taa nyekundu, kipaza sauti chenye shingo ndefu na visikizio. Kila kiongozi uwanjani alibeba redio ya mkononi, na zote zilipita hapo. Mtu wa redio alitoka kwenda kujinyoosha, akakanyaga bunda la nyaya, kifundo cha mguu kikapinda, akabebwa na watu wawili kupelekwa kwa daktari wa tamasha. Mratibu alimfuata akipuliza filimbi, ingawa hakuna aliyejua filimbi ingemsaidia nini.

Redio ikabaki inapiga kelele peke yake. Bi Opereta alikwenda mlangoni na kikombe chake mkononi. Watu kumi na moja walikuwa wanasema kwa wakati mmoja. Wote waliita kituo kikuu na hakuna aliyemsikia mwenzake. Alivumilia kama unavyovumilia kusikia chungu kinafurika jikoni kwa mtu. Alivumilia sekunde ishirini hivi. Kisha akaweka kikombe chini, akakaa, akavua saa yake na kuilaza mezani uso juu, akavaa visikizio. Vilikuwa vyepesi kuliko vile vya posta, lakini sikio liliwatambua ndugu zake.

"Kituo kikuu hapa," alisema. "Wote nyamazeni. Mlango wa mashariki, sema wewe peke yako."

Uwanja mzima ukawa kimya redioni. Baadaye kidogo sauti moja ya woga ikauliza ni nani mwenzangu.

"Wewe ni mlango wa mashariki?"

"Hapana mama, mimi ni vyoo."

"Basi subiri zamu yako, vyoo."

Moyo wake ulikuwa unaruka kama wa msichana aliyetoroka kwenda dansi. Mlango wa mashariki ulikuwa na basi zima la wapiga ngoma waliozuiwa kwa kukosa bangili za karatasi. Mlango wa magharibi ulikuwa na boksi la bangili na unasubiri wapiga ngoma ambao hawaji. Wote walikuwa wamesimama hivyo tangu saa tatu, kila mmoja akimlaani mwenzake. Aliwaunganisha kwa maneno manane. Vyoo walitaka maji, akawapa mtu wa maji. Mwimbaji wa kwanza alikuwa na kiatu kimoja cha kulia, na cha kushoto kilikuwa kwa wifi yake, kwenye vitu vilivyopotea, pamoja na tarumbeta, miwani saba na meno ya bandia ya juu yaliyookotwa ndani ya kikombe.

Wifi aliomba kutangaza meno hayo kwa staha, mwenyewe aje bila aibu. Baada ya robo saa alirudi hewani.

"Wifi, wamekuja wawili, kila mtu anasema ni yake."

"Umefanyaje?"

"Nimewaambia wacheke nione."

Mtu mmoja redioni alishindwa kujizuia, akafuatwa na wengine, na kwa muda tamasha zima liliendeshwa na watu wanaofuta machozi. Bi Opereta aliwapa sekunde kumi za kucheka, akazihesabu, akawarudisha kazini. Mtu akizungumza sana, alimkumbusha kwamba dakika tatu zimekwisha na kuna mwingine kwenye foleni. Hakuna aliyebisha. Kufikia saa saba walikuwa wanafupisha wenyewe.

Shida kubwa ilikuwa ya fundi mitambo. Fundi huyu alikaa nyuma ya ukuta wa spika, hawezi kuona jukwaa, na tangu jana alikuwa anaamrishwa na watu watatu. Mratibu anamwambia fungua, mshereheshaji anamwambia funga, kiongozi wa bendi anampigia mluzi. Alisema yuko tayari kwenda kuuza nguo. Bi Opereta alimwambia kuanzia sasa ana bosi mmoja tu.

"Nikisema fungua, fungua. Nikisema nakata, kata. Mwingine akikwambia, hujasikia."

Fundi aliitikia kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kiongozi wa bendi naye akapewa yake: kipaza sauti cha msemaji kikizimwa tu, bendi ianze palepale, pasiwe na pengo. Bi Opereta aliyaandika yote kwenye kipande cha boksi kwa mwandiko wa posta, akakitundika kwenye msumari.

Mratibu alirudi jasho likimtoka, hakupata mtu mwingine wa redio. Akasimama mlangoni akiwa na maneno mdomoni, halafu akayameza. Alisikiliza. Uwanja ulikuwa unakwenda kama saa. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ya chini, mama amejifunza wapi haya. Bi Opereta aliinua kidole kumwambia asubiri, akamalizana na mlango wa kusini, ndipo akamjibu. Mratibu aliandika kitu kwenye ubao wake. Bi Opereta hakukiona, ila aliona kalamu ilivyokwenda taratibu, kama ya mtu anayeandika jambo jema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, Jumatatu ilisogea mbali.

Saa kumi kasorobo binti aliwasili na mapacha, mmoja kila mkono. Alikuwa ametafuta mapipa ya maji akakuta kiti kitupu, akaelekezwa stoo. Alimtazama mama yake aliyezungukwa na nyaya na taa, akatazama ubao wa boksi ukutani. Alisema tu kwamba zimebaki saa mbili na dakika chache, na kitanda cha mama kule chumba cha watoto ameshakitandika. Bi Opereta aliwapa mapacha visikizio vibovu vilivyokuwa kwenye kona, wakaanza kupigiana simu wao kwa wao, na kwa muda wa ajabu wakatulia.

Saa kumi kamili alipanda jukwaani mgeni rasmi. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya magodoro iliyogharamia jukwaa, mahema na hata vizibao vya njano. Mtu mnene, mpole, tai imebana, mkononi ana karatasi kumi na moja. Kupitia dirisha dogo la nondo Bi Opereta aliziona zote. Alimwambia fundi fungua, na fundi akafungua.

Mgeni rasmi alianzia mbali. Alianza na binadamu wa kwanza, aliyelala juu ya nyasi. Jua lilikuwa kali, watu elfu kadhaa walikuwa wamesimama wakisubiri bendi, na yeye alikuwa anaeleza ubaya wa nyasi. Akaja kwenye ngozi. Akasema ngozi ina mambo yake. Kule mbele mtu mmoja alikaa chini, kisha safu nzima ikakaa. Mgeni rasmi akafungua ukurasa wa pili, akaingia kwenye pamba.

Kilichotokea baada ya hapo Bi Opereta alikifanya bila mwenyewe kuwepo. Hakukusudia. Macho yalikuwa kwenye saa, sauti ya mtu anayezungumza mno ilikuwa sikioni, na mshale ukagusa pale ulipozoea kugusa kwa miaka thelathini na mmoja. Kidole kikabonyeza.

"Dakika tatu zimekwisha. Nakata."

Fundi alikuwa na bosi mmoja tu. Akakata.

Mgeni rasmi alikuwa anasema, "Ndipo pamba ika..." na dunia haikujua pamba ilifanya nini. Kiongozi wa bendi aliona taa ya kipaza sauti imezimika, akakumbuka maagizo, akashusha mkono. Tarumbeta nne, ngoma na magitaa vikaingia kwa pamoja kama mlango uliopigwa teke. Watu waliokaa wakaruka juu. Kelele iliyopanda kutoka uwanjani ilitikisa vumbi likadondoka kutoka kwenye dari ya stoo.

Ndani ya stoo binti aliuliza, "Mama, umefanya nini?"

Kupitia nondo mama aliona mtu mnene amesimama katikati ya jukwaa na karatasi zake tisa ambazo hazijasomwa, akigonga kipaza sauti kwa kidole. Fundi alikuja hewani, amepata akili sasa. Akasema haraka kwamba isiwe taabu, mama, tutasema ni jenereta. Jenereta halina mdomo wa kujitetea.

Njia ilikuwa hiyo, wazi na laini. Orodha ilikuwa inabandikwa baada ya saa mbili. Bi Opereta aliitazama saa yake, akamtazama binti yake aliyekuwa anamtazama. Kule posta kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: opereta hausingizii mtambo. Akikata, amekata yeye.

"Jenereta ni zima," alisema redioni, wote wakasikia. "Nimekata mimi."

Alivua visikizio, akamkabidhi binti yake kiti, akamwambia ukiitwa sema subiri. Kisha akatoka kwenda nyuma ya jukwaa. Njiani alimkuta wifi yake ameacha hema, anakimbia huku ameshika tarumbeta ya mtu. Wifi alisema redio imesikika mpaka vyooni. Akasema wakimfukuza, wanawafukuza wote wawili, na tarumbeta wataondoka nayo. Wakaenda sambamba.

Nyuma ya pazia mratibu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili na ubao umeanguka. Lakini jukwaani kulikuwa na jambo. Umati ulikuwa umemnyooshea mgeni rasmi mikono, unampigia makofi na kumwita. Hawakujua amekatwa. Walidhani ndiye aliyeiita bendi, kwamba ile pamba ilikuwa fumbo lake la kuwachokoza. Mgeni rasmi aligeuka kushoto, akageuka kulia, akawatazama watu elfu kadhaa waliofurahi kumwona. Bega moja likapanda, la pili likalifuata. Akazirusha karatasi tisa hewani, akacheza. Alicheza vibaya, kwa moyo wote, mpaka tai ikahamia mgongoni.

Aliposhuka alikuwa ameloa jasho, anacheka peke yake. Alimshika mratibu mkono, akasema katika maisha yake hajawahi kushangiliwa, hata siku ya harusi yake. Mratibu alikuwa ameanza kusema asante, asante mheshimiwa, pale Bi Opereta aliposogea mbele.

"Baba, nilikukata," alisema. "Haikuwa mtambo wala mpango. Nilikuwa opereta wa simu, dakika tatu zilipotimia mkono ukakata wenyewe. Naomba radhi."

Mratibu alifumba macho. Mgeni rasmi alimtazama mama huyu kutoka viatuni mpaka kwenye mvi, uso ukikunjamana polepole kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo ya zamani.

"Dakika tatu zimekwisha, unaendelea?" alisema ghafla, akiiga ile sauti kavu.

Bi Opereta alishtuka.

"Uliwahi kunikata wewe," alisema yule bwana. "Nilikuwa kijana, naposa kwa simu. Nilizunguka mpaka nikafika kwenye neno lenyewe, ukakata."

"Na yule binti?"

"Alisema bora nilivyokatwa, maana alikuwa ameanza kusinzia. Siku ya pili nilipiga nikasema kwa sekunde kumi. Yuko pale, amevaa kofia." Alinyoosha kidole, na mwanamke mwenye kofia pana akapunga mkono bila kujua kwa nini. Mgeni rasmi akamgeukia mratibu. Alisema yeye atahutubia kwenye matamasha yote manne yaliyobaki, na hataki kuhutubia mahali ambapo huyu mama hayupo, maana anajijua.

Saa kumi na mbili orodha ilibandikwa kwenye ubavu wa hema. Jina la wifi lilikuwa la tatu. Jina la Bi Opereta lilikuwa la mwisho, limeongezwa kwa kalamu, na mbele yake mratibu ameandika: kituo kikuu, aombe ruhusa kabla ya kukata. Wifi alisoma kwa sauti mara nne, akasisitiza neno la tatu kila mara.

Aliporudi stoo, Bi Opereta alimkuta binti yake kichwani ana visikizio, pacha mmoja mapajani na mwingine chini ya meza, anauambia mlango wa kusini usubiri. Alikuwa ameshaisikia habari ya orodha hewani. Alianza kueleza, na alieleza kwa kasi: kwamba ahadi ni ahadi, hasemi neno, ila kazini hawatamwelewa, ila yaya wa kuaminika hapatikani kwa siku moja, ila watoto wamemzoea bibi, ila kitanda amekitandika. Bi Opereta alimsikiliza mwanawe kwa upendo wote. Jicho lilikuwa kwenye saa iliyolala mezani.

Binti naye aliitazama. Alikulia nyumba hiyo. Hata uchumba wake wote ulipita kwenye simu ya dakika tatu. Akakoma mwenyewe.

"Nimebakiza ngapi?"

"Sekunde kumi na mbili."

Binti alifikiri. Sekunde sita zikapita. "Baba yao ana mikono miwili," alisema, na akavua visikizio akamrudishia mama yake, vikiwa bado na joto.

Nje bendi ilikuwa inaanza wimbo mwingine. Vyoo walikuwa wanaita kituo kikuu.